Kombe la dunia lililoishia kwa majirani

Katikati ya mwaka 1966, huko Austria, Wajerumani walicheza na Wajerumani kuwania ubingwa wa dunia wa mpira wa mikono. Huku Ujerumani Magharibi, kule Ujerumani Mashariki, kwenye nyasi za uwanja wa mpira wa miguu, wachezaji 11 kwa 11. Mechi ikaisha sare ya mabao 15 kwa 15. Fainali haikuwepo mwaka ule, maana timu zilizoshiriki zilikuwa 6 tu, zikawekwa katika kundi moja na kila moja ikacheza na mwenzake. Pointi ziliwaacha ndugu wale sawasawa, ikabidi itazamwe tofauti ya mabao. Magharibi wakabeba kombe, na mashindano yale hayakuchezwa tena hadi leo.

Yalikuwa yamedumu miaka 28 na kuchezwa mara 7. Leo hata kwa watu wanaoupenda mpira wa mikono ukiwatajia ubingwa wa dunia wa uwanja mkubwa, wengi wanadhani unawatania. Mimi naona historia yake inastahili kusomwa upya, kwa sababu maelezo yanayotolewa kila mara kuhusu kifo chake hayatoshi. Tunaambiwa baridi ya Ulaya iliwafukuza watu uwanjani, wakaingia ukumbini, basi. Ukiyapitia matokeo ya mashindano yenyewe, mwaka hadi mwaka, unaona kitu kingine kabisa.

Kwanza mchezo wenyewe. Mpira wa mikono tunaoujua sasa una wachezaji 7 kila upande, kiwanja cha mita 40 kwa 20, goli la mita 3 kwa 2 na mstari wa mita 6 ambao mshambuliaji haruhusiwi kuukanyaga. Ule wa zamani ulichezwa katika uwanja mzima wa mpira wa miguu, goli lile lile la mita 7.32 kwa 2.44, na mbele ya kipa nusu duara la mita 13. Fikiria kipa aliyesimama katikati ya goli la mpira wa miguu, mtu anamrushia mpira kwa mkono kutoka mita 13. Mkono unalenga vizuri kuliko mguu. Ndiyo maana mabao yalikuwa mengi, na ndiyo maana makipa wa enzi ile nawaheshimu mno.

Mchezo huu ulizaliwa Berlin, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 29 Oktoba 1917 Max Heiser alitoa kanuni za mchezo wa mpira wa kushika kwa ajili ya wanawake, mchezo usio na kugongana. Mwaka 1919 Karl Schelenz, mwalimu wa michezo katika jiji hilo hilo, alizigeuza kanuni zile: mpira ukawa mdogo, mchezaji akaruhusiwa kukimbia nao kwa hatua chache na kuudunda, kukabana kukaruhusiwa, na wanaume wakaingia. Tarehe 13 Septemba 1925, mjini Halle, Ujerumani na Austria zilicheza mechi ya kwanza ya kimataifa, na Austria ikashinda 6 kwa 3. Mwaka 1928, wakati wa Olimpiki ya Amsterdam, nchi 11 ziliunda shirikisho la kimataifa. Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na mtu angeweza kusema mchezo huu utaenea kama ulivyoenea mpira wa miguu.

Kisha ikaja Olimpiki ya Berlin, 1936. Mwenyeji aliuingiza mchezo wake kwenye ratiba, na timu 6 zikajitokeza: Ujerumani, Austria, Uswisi, Hungary, Romania na Marekani. Ujerumani iliifunga Hungary mabao 22 kwa 0. Ikaifunga Marekani 29 kwa 1. Tarehe 14 Agosti, katika mvua, watu wapatao 100,000 walijaa Uwanja wa Olimpiki kuitazama Ujerumani ikiifunga Austria 10 kwa 6 na kutwaa dhahabu. Watu 100,000, wamelowa, wanatazama mpira wa mikono. Idadi hiyo haijawahi kufikiwa tena na mchezo huu, ndani wala nje.

Ila soma tena yale matokeo ya kabla ya fainali. Mashindano ambayo mwenyeji anamfunga mtu 29 kwa 1 yana timu 6 kwenye karatasi na 2 uwanjani.

Miaka miwili baadaye, Julai 1938, yakafanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa mchezo huu, tena Ujerumani, yakiwa na timu 10. Austria haikuwepo. Mwezi Machi mwaka ule utawala wa Hitler ulikuwa umeimeza nchi hiyo, na timu pekee iliyokuwa na uwezo wa kuitisha Ujerumani ikafutika pamoja na nchi yake. Fainali ilikuwa Ujerumani na Uswisi, mjini Berlin. Ujerumani 23, Uswisi 0. Hilo ndilo tokeo la fainali ya kwanza ya dunia ya mpira wa mikono wa uwanja mkubwa, na mimi kila nikiliangalia naona ndani yake kila kitu kilichokuja kuyaua mashindano haya. Mpinzani wa kweli aliondolewa kwa nguvu za siasa, na waliobaki hawakuwa wamepewa muda wa kuujua mchezo.

Mwaka 1946, baada ya vita, nchi 8 zilikutana Copenhagen na kuunda Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Mikono, IHF, ambalo ndilo linaloongoza mchezo hadi sasa: Denmark, Finland, Norway, Poland, Sweden, Ufaransa, Uholanzi na Uswisi. Ujerumani haikuwemo. Mwaka 1948 mashindano ya pili yakafanyika Ufaransa bila Wajerumani, na Sweden ikaifunga Denmark 11 kwa 4 katika fainali ya Paris.

Hii ndiyo mara pekee ambayo ubingwa ule ulikwenda kwa watu wasio Wajerumani. Mwaka 1952, Uswisi, Ujerumani Magharibi iliifunga Sweden 19 kwa 8. Mwaka 1955, nyumbani Dortmund, ikaifunga Uswisi 25 kwa 13. Mwaka 1959, Austria, Wajerumani wa Mashariki na Magharibi waliingia kama timu moja na kuifunga Romania 14 kwa 11. Mwaka 1963, Basel, Mashariki ikaifunga Magharibi 14 kwa 7. Na 1966 tumeshaiona. Mara 7 mashindano yamechezwa, mara 6 kombe limebaki kwa Wajerumani, na mara moja walipolikosa walikuwa hawakuruhusiwa kucheza.

Sisemi haya kuwalaumu wachezaji. Timu inayoshinda haina kosa. Kati yao walikuwemo mafundi hasa, na mmoja wao, Bernhard Kempa, bingwa wa 1952 na 1955, ameacha kitu ambacho hata mtoto wa sekondari Kigali au Kinshasa anakijaribu bila kujua kimetoka wapi. Mshambuliaji anaruka akiwa nje ya mstari wa kipa. Mwenzake anaurusha mpira juu ya vichwa vya mabeki, taratibu, kama anayempitishia mtu embe juu ya ukuta. Mrukaji anaudaka angani, juu ya eneo lisiloruhusiwa kukanyagwa, na kufunga kabla miguu haijagusa chini. Duniani kote mtindo huo unaitwa kwa jina lake, Kempa. Alifariki 2017 akiwa na umri wa miaka 96, na jina lake linatajwa katika kumbi kila wiki, na watu ambao hawajui kuwa alikuwa bingwa wa dunia kwenye nyasi.

Turudi kwenye hoja ya baridi. Ni kweli watu wa Denmark na Sweden walikuwa na mchezo wao wa ndani tangu zamani. Holger Nielsen, mwalimu wa shule ya Ordrup karibu na Copenhagen, alianza kuutungia kanuni mwaka 1898. Miezi ya baridi huko ni mirefu, uwanja unafunikwa na theluji, na watu 7 wanatosha ukumbini. Kweli pia kwamba mchezo wa ndani una kasi zaidi: ukipoteza mpira, sekunde tano baadaye umefungwa. Uwanja wa mita 100 ulikuwa na tatizo lake la umbo. Timu zilijazana upande mmoja, mpira ukasafiri mbali, nusu ya wachezaji wakabaki wanasubiri. Ndiyo maana waliugawa uwanja sehemu tatu na kuweka kikomo cha wachezaji wanaoweza kuwa katika sehemu ya mwisho, ili msongamano upungue. Na nyasi zile zilikuwa na mwenyewe: mpira wa miguu, ambao ulikuwa unajaza viwanja hivyo hivyo kila Jumapili.

Yote hayo ni ya kweli, na bado hayanitoshi. Baridi ilikuwepo tangu 1917 na haikuwazuia watu kuucheza mchezo ule kwa miaka 50. Kriketi haichezwi kwenye theluji na haijafa. Mchezo ukiwa na watu wengi sehemu nyingi, majira ya nchi moja hayauui, kwa sababu wakati wengine wana baridi wengine wana jua. Mashindano haya hayakuwa na hao wengine. Waandaaji wake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ni Ujerumani, Ufaransa, Uswisi, Ujerumani Magharibi, Austria, Uswisi tena, Austria tena. Ukichukua ramani na kalamu, nchi zote hizo unazizungushia duara moja bila kuinua mkono. Nafasi tatu za juu katika mashindano yote 7 zilikwenda kwa mataifa 8 tu, ukiwahesabu Wajerumani wote kuwa kitu kimoja, na yote ni ya Ulaya. Waliita ubingwa wa dunia, na dunia haikualikwa.

Mtu anaweza kunipinga kwa mashindano ya wanawake, na ni haki anipinge. Yalichezwa mara 3: Hungary mwaka 1949, Ujerumani Magharibi 1956, Uholanzi 1960. Wenyeji Hungary walishinda ya kwanza, Romania ikashinda mbili zilizofuata. Hapo Wajerumani hawakutawala, na bado mashindano yalikufa mapema kuliko ya wanaume. Kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa Ujerumani peke yake, nami nakubali. Lakini tazama ramani tena: ni duara lile lile. Mwaka 1957 ukafunguliwa ubingwa wa dunia wa wanawake wa ndani, Yugoslavia, Czechoslovakia ikatwaa, na ule wa nje ukabaki na kalenda yenye pengo la miaka 7, kisha miaka 4, kisha kimya. Inaniuma kwamba mchezo uliotungwa kwa ajili ya wanawake mwaka 1917 ulizikwa kwanza upande wa wanawake.

Pigo la mwisho lilitoka kwa wakubwa wa Olimpiki. Mchezo wa uwanja mkubwa ulikuwa umejaribu kurudi huko mwaka 1952 Helsinki, kwa mechi moja tu ya maonyesho, Sweden ikaifunga Denmark 19 kwa 11. Haikusaidia. Mwaka 1965, katika kikao cha Madrid, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua mpira wa mikono uingie kwenye michezo ya Munich 1972, na uliochaguliwa ni wa ndani. Kwa hiyo wale Wajerumani waliotoka sare 15 kwa 15 mwaka uliofuata walikuwa wanagombea kombe ambalo thamani yake ilikuwa imeshaondolewa mezani. Nchi ya Ulaya ya mashariki iliyokuwa inapima fahari yake kwa medali za Olimpiki ingeendelea kutumia pesa kwenye mchezo wa nyasi kwa sababu gani? Ligi ya Ujerumani Magharibi ya uwanja mkubwa ilianzishwa 1967, mwaka mmoja baada ya mashindano ya mwisho ya dunia, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 hata ubingwa wa nchi ulikuwa umekwisha. Munich, dhahabu ya wanaume ilikwenda kwa Yugoslavia, iliyoifunga Czechoslovakia 21 kwa 16.

Sasa linganisha na mrithi wake. Ubingwa wa dunia wa ndani ulianza 1938 kwa timu 4 tu, Berlin, ukalala, ukaamka Sweden 1954. Kufikia 1964 Misri ilikuwa imeshaingia, nchi ya kwanza ya Afrika kufika huko. Mwaka 1967 ikaingia Tunisia, na Tunisia hiyo hiyo ilicheza Munich. Mwaka 1973, Lagos, wakati wa Michezo ya Afrika, ukaundwa muungano wa vyama vya mpira wa mikono wa bara letu, na mwaka uliofuata Tunisia ikaandaa ubingwa wa kwanza wa Afrika na kuutwaa. Mchezo wa ndani ulipata haraka kitu ambacho ule wa nje haukukipata kwa miaka 28: watu wa mbali wanaouhesabu kuwa wao.

Hapa naomba niseme jambo la nyumbani. Mimi mpira wa mikono niliujulia sekondari, Tanzania, kwenye kiwanja cha udongo kilichopakana na shamba la mihogo la shule. Mistari tulichora kwa majivu ya jikoni, na kabla ya kipindi cha pili ile ya mita 6 ilikuwa imefutika, ikabaki refa kukadiria kwa jicho. Goli lilikuwa miti mitatu bila nyavu. Mpira ukipita, kipa anaufuata kwenye mihogo huku magoti yanavuja damu kwa changarawe. Mwalimu wetu alitufundisha kanuni zote za ukumbini, na katika miaka minne sikuona ukumbi hata mmoja. Mashindano ya UMISSETA, yale ya shule za sekondari, yanayoukuza mchezo huu kwa vijana wetu, na timu za majeshi ambazo zimeubeba mabegani kwa miaka mingi, wengi wao wanaucheza hivyo hivyo, juani.

Ndiyo maana historia hii hainipiti. Mchezo uliofutwa ulihitaji kitu ambacho kila kata Afrika Mashariki inacho, uwanja wa mpira wa miguu. Mchezo uliobaki unahitaji kitu ambacho miji yetu mingi haina, jengo. Waliokuwa na mashindano ya nje mikononi hawakuwahi kuwapelekea watu wa nchi zenye jua mwaka mzima, na walipoyafuta hawakuwa na wa kuwauliza. Sidai kwamba tungekuwa mabingwa. Nasema hatukuwahi kuulizwa, na kwa nchi ambazo nyingi zilikuwa ndiyo kwanza zinapata uhuru miaka ile ile mashindano yanakata roho, swali lenyewe lingekuwa na maana. Mwaka 2004 IHF iliurudisha mpira wa mikono nje kwa kuanzisha ubingwa wa dunia wa ufukweni, huko El Gouna, Misri, na wanaume wa Misri wakawa mabingwa. Mara ya kwanza tu ubingwa wa dunia ulipopelekwa kwenye mchanga na jua, Mwafrika akashinda.

Na ule ugonjwa wa duara dogo haujapona. Kwa wanaume, ubingwa wa dunia wa ndani haujawahi kutoka Ulaya. Timu pekee ya nje iliyofika fainali ni Qatar, 2015, nyumbani kwao, ikafungwa na Ufaransa 25 kwa 22. Kwa wanawake zimepenya Korea Kusini 1995 na Brazil 2013, basi. Denmark imechukua ubingwa wa wanaume mara nne mfululizo, 2019, 2021, 2023 na 2025. Viongozi wanajivunia kwamba tangu 2021 mashindano ya wanaume yana timu 32, na mimi nilifurahi kuiona Kongo ikiingia kwa mara ya kwanza mwaka ule. Lakini timu 32 zinazoalikwa ni jambo moja, na timu zinazoweza kumfunga bingwa ni jambo lingine. Mwaka 1938 waliandika 10. Wakapata 23 kwa 0.

Kinachonipa moyo ni mechi moja. Januari 2021, Cairo, robo fainali, ukumbi mtupu kwa sababu ya korona: Misri na Denmark, bingwa mtetezi. Dakika 60 zikaisha sare. Muda wa nyongeza, sare. Nyongeza ya pili, sare tena, 35 kwa 35. Wakaenda kwenye penalti za mita 7, mchezaji mmoja mmoja mbele ya kipa, hakuna kelele isipokuwa za wenzao pembeni. Denmark ikapita kwa 39 kwa 38, na siku chache baadaye ikabeba kombe.